Kupima mmumunyo wa polima unavyovutika: niliyoyapitia nikiwa Mbeya

Kama unataka kufanya utafiti wa mimumunyo ya polima, yaani maji yaliyoyeyushiwa molekuli ndefu kama mnyororo, kwenye chuo ambacho hakina mashine ya kupima namna inavyovutika, haya nimekuandikia wewe. Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari. Nilichukua likizo ya masomo, nikaingia shahada ya uzamili hapa Mbeya, na sehemu kubwa ya muda wangu ikaishia kwenye uzi wa maji mwembamba sana uliokuwa ukikatika kabla sijauona vizuri. Makala za kitaalamu nilizipata mtandaoni, na nyingine ni nzuri mno. Tatizo ni kwamba zimeandikwa na watu wenye maabara isiyobadilika joto, umeme usiokatika na fundi wa kuita. Yanayomkwamisha mtu wa huku hayamo humo.

Nianze na sababu, maana bila sababu hiyo ningeacha njiani. Nyumbani kwetu ni upande wa Isyonje, tunalima viazi mviringo na kabichi. Mvua zikikolea na ukungu ukaingia kwenye viazi, unapiga dawa tena na tena, na kule juu upepo hauna saa. Unaona wingu jeupe likitoka kwenye nozeli. Sehemu inashuka kwenye majani, sehemu inaelekea kwa jirani au usoni kwa anayepiga. Matone madogo kabisa, yale ya chini ya maikromita 100 hivi, yaani sehemu ya kumi ya milimita, ndiyo yanayopeperuka zaidi. Kwenye kabichi kuna shida nyingine: jani lake lina nta, tone likigonga linadunda na kuangukia udongoni.

Mwaka 2000 Bergeron, Bonn, Martin na Vovelle walichapisha katika jarida la Nature kwamba polima kidogo sana ikitiwa kwenye maji, tone halidundi tena juu ya uso unaokataa maji. Mnato wa kawaida wa maji hayo unabaki karibu uleule. Wao walisema siri iko kwenye namna mmumunyo unavyokataa kuvutwa. Mwaka 2010 Smith na Bertola walileta maelezo tofauti, kwamba kazi kubwa inafanyika kwenye ukingo wa tone pale linapojikusanya kurudi. Mjadala huo ulinivuta zaidi badala ya kunikatisha tamaa. Nilitaka kujua mmumunyo wangu mwenyewe unavutika kiasi gani, kabla ya kumwambia mkulima yeyote atie kitu kwenye bomba lake.

Hapa kwenye minato miwili nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wanafunzi wengi wanapopotea. Shuleni tunafundisha mnato mmoja: tabaka za kimiminika zinateleza moja juu ya nyingine, na ugumu wa kuteleza huko ndio mnato. Huo niuite mnato wa kutiririka. Ukikishika kimiminika pande mbili na kukivuta kiwe uzi, unapima kitu kingine, mnato wa kuvutika. Frederick Trouton alilifanyia kazi hilo mwaka 1906 akitumia lami na vitu vizito vya namna hiyo, akaonyesha kwamba kwa kimiminika cha kawaida mnato wa kuvutika ni mara tatu ya ule wa kutiririka. Maji, asali, glisirini, vyote hufuata tatu hiyo. Polima haifuati. Mmumunyo wa polima yenye molekuli ndefu unaweza kufika mara mia, hata mara elfu.

Sababu iko kwenye molekuli yenyewe. Polietileni oksaidi, polima niliyoitumia, yenye uzito wa molekuli milioni 4 ina viungo takribani 90,000 vilivyofuatana. Ikitulia ndani ya maji inajikunja kama uzi wa cherehani ulioviringana mfukoni, upana wake haufiki maikromita moja. Ikinyooshwa, urefu wake ni makumi ya maikromita. Ndani ya mrija molekuli hii inabiringika tu na kupita. Kwenye uzi unaovutwa haina pa kubiringikia: inanyooka, inakataa, na ule ukataaji ndio unaozuia uzi usikatike. Muda inaochukua kurudi kujikunja baada ya kuachiwa unaitwa muda wa kulegea, na ndio hasa niliokuwa nikiutafuta.

Usione aibu ukipata namba zisizofanana na za wenzako. Mwishoni mwa miaka ya 1980 maabara za nchi mbalimbali ziligawiwa kimiminika kimoja kilichoitwa M1 na kila moja ikakipima kwa kifaa chake. Majibu yalipochapishwa mwaka 1990 yalitofautiana mara kumi, mara mia na zaidi. Wale walikuwa mabingwa. Walichojifunza ni kwamba mnato wa kuvutika unategemea pia kasi ya kuvuta na kimiminika kimeshavutwa kiasi gani mpaka sasa, na kila kifaa kilikuwa kinaukamata mchakato katika hatua yake.

Sasa kazi yenyewe.

Kitu cha kwanza ni poda, na hapo ndipo fedha zangu za kwanza zilipokwenda. Niliagiza polietileni oksaidi kwa muuzaji mmoja wa kemikali Dar es Salaam, nikalipa kwa mkopo wa SACCOS ya walimu. Mzigo ulikawia sana, na ulipofika ulikuwa polietileni glaikoli. Muuzaji alisema kwenye simu, "Mwalimu, hivyo ni kitu kimoja." Kikemia hakukosea: viungo ni vilevile. Lakini glaikoli ni minyororo mifupi, ile iliyokuja ilikuwa ya uzito wa elfu chache tu, na haivutiki hata ukiitia vijiko vizima. Nilikaa na ule mkebe mezani nikalia. Wenzangu walikuwa wameshaanza kukusanya data na mimi nilikuwa na mkopo na poda isiyonifaa. Kabla hujalipa senti, mwandikie muuzaji akutumie picha ya lebo yenye uzito wa molekuli na namba ya toleo. Kama lebo haina uzito wa molekuli, usinunue. Na ukishapata, nunua ya kutosha kazi yote kwa mara moja, kutoka toleo hilohilo. Uzito ulioandikwa ni wastani tu. Ndani yake mna minyororo mifupi na mirefu, na ile mirefu michache ndiyo inayotawala uvutikaji. Matoleo mawili yenye lebo moja yanaweza kukupa nyuzi tofauti kabisa.

Maji nilitumia yale ya betri, yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri. Ni rahisi kuliko kuagiza maji ya maabara, lakini hakikisha ni maji na si asidi. Chupa zinakaa rafu moja, na wengine huziita kwa jina moja. Pima kwa karatasi ya litmasi kwanza.

Kuyeyusha kunataka subira ambayo sikuwahi kuwa nayo. Poda ukiimwaga kwa pamoja inafanya mabonge, nje ute, ndani kavu, na bonge hilo linaweza kukaa siku na siku bila kuyeyuka. Nyunyiza kidogo kidogo huku maji yakizunguka taratibu, halafu acha. Utaratibu uliokuwepo maabara ulikuwa kuweka chupa kwenye kikorogeo cha sumaku kwa kasi kubwa usiku kucha. Kwa chumvi na sukari haina neno. Kwa molekuli ya uzito wa milioni 4 ni kuikatakata. Tulilinganisha: chupa iliyokorogwa kwa nguvu na chupa iliyolazwa ubavu na kugeuzwa kwa mkono asubuhi, mchana na jioni. Kwenye mrija wa kupimia mnato wa kutiririka zilikaribiana. Kwenye uzi, ile ya kwanza ilikatika mapema mno. Kuanzia siku hiyo sikugusa kikorogeo tena, na blenda ndiyo usiifikirie kabisa. Funika chupa kwa karatasi ya aluminiamu mwanga usiiingie, na umalize vipimo ndani ya wiki moja hivi, maana minyororo hii inaoza polepole kwa oksijeni hata ikikaa kimya.

Kuhusu ukolevu, ijue mapema ile hatua ambapo molekuli zinaanza kugusana. Kwa polima hii, ukitumia hesabu ya kawaida ya uhusiano wa mnato na uzito wa molekuli, inatoka takribani gramu 0.4 kwa lita. Chini ya hapo kila molekuli iko peke yake. Mizani yetu ilisoma mpaka gramu 0.01, kwa hiyo kupima moja kwa moja poda ya chupa ndogo kusingewezekana. Tengeneza mmumunyo mkali wa gramu 5 kwa lita, kisha uzimue kwa uzito, si kwa ujazo, kwa sababu ute huo unang'ang'ania kuta za pipeti.

Mnato wa kutiririka niliupima kwa viskomita ya kioo, ule mrija mwembamba wenye alama mbili. Hapo adui ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba Mbeya, asubuhi unaingia maabara ukiwa na sweta na koti. Mnato wa maji kwenye nyuzi joto 10 ni milipaskali-sekunde 1.31, kwenye nyuzi joto 25 ni 0.89. Yaani kipimo cha asubuhi na cha mchana hata kwa maji matupu havifanani, tofauti yake inakaribia mara moja na nusu. Nilizamisha viskomita kwenye ndoo kubwa ya maji yenye kipimajoto, nikiongeza maji ya moto ya chupa ya chai kidogo kidogo, na vipimo vyote nikavifanya mchana. Ni kazi ya kuchosha, inafanya mkono uwe na maji muda wote, lakini namba zilitulia.

Baada ya hapo nilifanya jaribio ambalo nalipendekeza kwa kila mtu, hata kwa kidato cha sita. Nilichukua mmumunyo wa polima wa gramu 1 kwa lita, nikachanganya glisirini na maji pembeni mpaka mchanganyiko huo ukapita kwenye mrija kwa muda uleule. Kwa viskomita ni vimiminika pacha. Chovya kidole kwenye kimoja na ukiinue: glisirini inadondoka, polima inaacha uzi unaoning'inia. Msimamizi wangu alikuwa bado anasita kama mada hii ni ya kemia au ya uhandisi. Nikamletea vikombe viwili ofisini. "Shikamoo Dokta, naomba uchovye hapa na hapa." Alichovya, akarudia, akafunga kompyuta yake na kuniambia niandike pendekezo upya nikianzia hapo.

Reomita, ile mashine ya kuvuta uzi na kuupima, hatukuwa nayo na bei yake inazidi ya gari. Nilichojenga kinafuata njia iliyochapishwa mwaka 2015 na Dinic, Sharma na wenzao wa Chicago: tone linashuka taratibu kutoka kwenye sindano, linagusa kioo kilicho chini, linasambaa, na kati ya sindano na kioo panabaki shingo ya kimiminika inayojikaza yenyewe mpaka inakuwa uzi. Huhitaji injini ya kuvuta. Mvutano wa uso wa kimiminika ndio unaovuta. Wewe unarekodi tu.

Sindano ni ya hospitali, ya 21G, yenye kitako cha kijani, kipenyo cha nje milimita 0.8. Ncha yake imechongwa mshazari na haifai hivyo. Ikate, kisha isugue wima kwenye msasa wa maji namba 1000 ukizungusha polepole, mpaka ukiitazama kwa kioo cha kukuzia uone duara kamili lisilo na jino upande wowote. Tumia waya mwembamba kutoa vumbi la chuma ndani. Jino dogo kabisa linafanya tone litoke kiupande na uzi usimame mshazari. Kioo cha chini kiwe mara tatu ya kipenyo cha sindano kutoka kwenye ncha, yaani milimita 2.4 hivi, nilipata kimo hicho kwa kupanga vioo vya hadubini. Kisafishe kwa spiriti kisha kwa maji ya betri. Sabuni ikibaki inabadilisha mvutano wa uso na kipimo chako kimekwisha.

Kusukuma sirinji kwa kidole kunatikisa tone. Nilinunua seti ya dripu duka la dawa, nikaichomeka kwenye chupa ya mmumunyo niliyoining'iniza juu na kutumia lile gurudumu dogo la kubana, tone likawa linajaa lenyewe kwa utulivu. Kila kitu nikakizungushia katoni kubwa, kwa sababu upepo wa dirishani unatosha kuuyumbisha uzi.

Kamera ni simu yenye uwezo wa picha 240 kwa sekunde na lenzi ndogo ya kubana kwa mbele. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye menyu. Angusha gololi kutoka mita 1 ukiirekodi: inapaswa kuchukua sekunde 0.45, karibu picha 108. Simu nyingi zinazodai picha 960 hutunga picha za katikati zenyewe, na picha ya kutungwa si data. Nuru iwe nyuma ya uzi, ikipita kwenye karatasi nyeupe. Hapa nilipoteza muda mrefu kwa sababu video zilikuwa zinawaka na kufifia, na ukingo wa uzi unacheza kwenye programu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za ukutani hufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Tochi ya betri iliyojaa chaji ilimaliza tatizo, na ikanifaa zaidi siku umeme ulipokatika.

Hesabu yake ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Entov na Hinch walionyesha mwaka 1997 kwamba molekuli zikishaanza kunyooka, kipenyo cha uzi hupungua kwa kipeo: kila baada ya muda unaolingana na mara tatu ya muda wa kulegea, kinabaki asilimia 37 ya kilivyokuwa. Chora logi ya kipenyo dhidi ya muda, upate mstari ulionyooka, na mteremko wake ukupe muda wa kulegea. Mnato wa kuvutika wenyewe unapatikana kwa kugawanya mvutano wa uso kwa kasi ambayo kipenyo kinapungua. Mvutano wa uso wa maji ni milinewtoni 72 kwa mita. Polima hii huushusha hadi karibu 62, kwa hiyo usitumie ya maji matupu. Kupima picha nilitumia ImageJ, programu ya bure, nikichukua upana wa sindano kama rula.

Ila mstari haunyooki mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo unapopaswa kuwa mkali kwako mwenyewe. Mwanzoni shingo inaporomoka kwa uzito na msukumo wa maji, polima bado imelala. Mwishoni molekuli zimeshanyooka kabisa, uzi una upana wa pikseli mbili tatu, na mara nyingine unajigawa kuwa shanga ndogo zilizotungwa. Sehemu ya kati tu ndiyo yako. Amua mipaka yake kabla ya kuona jibu, uiandike kwenye daftari, na uitumie kwa sampuli zote. Ukiisogeza kila mara mpaka mstari upendeze, unaweza kupata muda wowote wa kulegea unaoutaka.

Ujue pia kifaa hiki kinaishia wapi. Muda wa kulegea wa milisekunde 10 unamaanisha dirisha la milisekunde 30, na kwa picha 240 kwa sekunde hizo ni picha saba. Inatosha, kwa taabu. Muda wa milisekunde 1 hauonekani kabisa. Maji matupu kwenye sindano ya ukubwa huu yanakatika kwa muda wa milisekunde 1 hivi, unaona shingo kwenye picha moja na inayofuata haipo. Ndiyo maana mimumunyo yangu myepesi sana, ile inayokaribia kiwango cha wale wa mwaka 2000, sikuweza kuipima na nilisema hivyo wazi kwenye tasnifu.

Kabla ya polima, pima glisirini. Ni kimiminika cha kawaida, hakina muda wa kulegea, na uzi wake hupungua kwa mwendo mmoja, mstari ulionyooka bila logi. Papageorgiou alitoa hesabu yake mwaka 1995. Glisirini safi kwenye nyuzi joto 20 ina mnato wa paskali-sekunde 1.41, na kipenyo cha uzi wake kinapaswa kupungua kwa milimita 6 hivi kila sekunde. Ya duka la dawa huwa imeshanyonya unyevu, kwa hiyo upime kwanza mnato wake kwa kuangusha kipira kidogo cha beringi kwenye mtungi mrefu, kisha ulinganishe. Siku namba hizo mbili zilipokubaliana nilipiga simu nyumbani, na baba ambaye hakujua glisirini ni nini alishangilia pamoja nami.

Sehemu ya bamia ilitokana na swali la mama: kwa nini ninunue poda ya mbali wakati mlenda unavutika? Bamia zinazouzwa Mwanjelwa nyingi hutoka maeneo ya joto, na ute wake una polima ya asili ya aina ya sukari yenye vikundi vya asidi. Nilikata, nikaloweka kwenye maji baridi bila kuponda, nikachuja kwa kitambaa. Uzi wake ni mzuri kweli. Lakini vikundi vile vya asidi vina chaji, vinasukumana, na ndivyo vinavyoitandaza molekuli. Tia chumvi kidogo na molekuli inajikunja, uzi unafupika. Maji ya bomba na maji ya betri yalinipa majibu tofauti kwa bamia ileile. Na baada ya kulala usiku mmoja bila friji ute ulikuwa umeshaharibika, bakteria wameula. Kama unafanya polima ya asili, panga kuvuna, kuchuja na kupima siku moja, na usilinganishe bamia za wiki hii na za wiki ijayo bila kupima mnato wa kutiririka kwanza kama alama ya kuanzia.

Mwisho nilipeleka mmumunyo wa polietileni oksaidi shambani, maji tu bila dawa, nikitumia bomba la mgongoni la nyumbani na karatasi zilizotandazwa ardhini, maji yakiwa na rangi ya chakula. Kulikuwa na jambo moja sikulisoma kwa uzito unaostahili mpaka nilipoliona: nilikinga maji yaliyotoka kwenye nozeli nikayarudisha kwenye sindano yangu, na uzi wake ulikatika mapema kuliko wa maji yaliyobaki kwenye ndoo. Pampu na tundu la nozeli huinyoosha minyororo kwa kasi kubwa mpaka mingine inakatika. Kwa hiyo mmumunyo unaofika kwenye jani si ule uliopimwa maabara. Nilibadilisha sura nzima ya tasnifu iwe na vipimo vya kabla na baada ya bomba, na hilo likaongeza muhula. Baba alisimama pembeni akitazama karatasi, akasema, "Matone yamekuwa makubwa mwanangu, lakini angalia yasije yakawa makubwa hata dawa isienee kwenye jani." Hilo ni kweli, na ni swali la utafiti mwingine: tone kubwa halipeperuki, ila linafunika eneo dogo kwa kiasi kilekile cha maji.

Siku ya kutetea, mtahini wa nje aliuliza swali nililolisubiri tangu mwanzo: kwa nini aamini simu na sindano ya hospitali? Nilifungua ukurasa wa glisirini, nikamwonyesha mstari wa hesabu na alama za vipimo vikiwa juu yake, kisha nikamwonyesha jedwali la joto la chumba, umri wa kila mmumunyo tangu uchanganywe, namba ya toleo la poda na mipaka ya picha nilizotumia. Alisoma kwa muda, akauliza kama kile kifaa bado kipo. Kipo. Kimebaki maabara ndani ya katoni yake, pamoja na sindano kadhaa nilizokwisha kuzisugua, na mwanafunzi anayefuata anataka kukitumia kwa wanga wa viazi.